Tai, Miwani na Kitabu: Sura ya Msomi katika Miji ya Kongo, 1945–1990

Namna msomi anavyovaa huonekana kuwa jambo dogo, na kwa kawaida huachiwa mafundi wa cherehani na wapiga picha. Katika historia ya Kongo, hata hivyo, jambo hilo limeshughulikiwa na wakuu wa nchi wenyewe mara tatu katika muda usiofika nusu karne. Mara ya kwanza serikali ya kikoloni ilituma wakaguzi kutazama meza, vitanda na vitabu vya Wakongo walioomba kutambuliwa kuwa wastaarabu. Mara ya pili Mobutu aliipiga tai marufuku. Mara ya tatu, mwaka 1990, aliirudisha kwa hotuba. Kitambaa kilichopata kuwa hati ya kuingilia, kisha hatia, kisha ishara ya uhuru, kinastahili kuchunguzwa na wanahistoria pia.

Kabla ya tai palikuwa na kanzu. Katika Maniema ya nusu ya pili ya karne ya 19, Kasongo na Nyangwe zilipokuwa miji ya biashara ya pembe na ya watumwa, chini ya akina Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mtu aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa waungwana alivaa kanzu nyeupe na kofia, akajifunza kusema lugha ya pwani, na kama alibahatika, akajifunza herufi za Kiarabu kwa mwalimu wa Kurani. Neno lenyewe ustaarabu limebeba historia hiyo tumboni mwake: kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu. Wengi wa waungwana hao walikuwa wazaliwa wa bara, na baadhi yao walikuwa watumwa. Kanzu iliwapa cheo ambacho nasaba haikuwapa. Baada ya vita vya 1892–1894 baina ya majeshi ya Leopold II na wafanyabiashara hao, kanzu ilipoteza nguvu mbele ya serikali, ingawa haikutoweka Kasongo wala Kisangani. Shule ziliachwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Mwislamu aliyetaka masomo alilazimika kupitia mlango wa kanisa, hadi waziri wa makoloni Auguste Buisseret alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za dini mwaka 1954. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Msomi wa kizungu wa miaka ya 1950 hakuwa mtu wa kwanza katika nchi hii kubadili vazi ili abadili cheo.

Lugha nayo imehifadhi alama za mlango ule wa kanisa. Kusoma ni kutambua herufi, lakini padre naye husoma misa, na kwa muda mrefu katika sehemu nyingi za bara, msomaji na Mkristo walikuwa mtu yule yule. Mkongo wa kwanza kupewa upadre, Stefano Kaoze, aliyewekwa wakfu mwaka 1917 katika nchi ya Tanganyika, alikuwa amekwisha kuchapisha insha yake kuhusu saikolojia ya Wabantu miaka kadhaa kabla ya hapo. Vazi la kwanza la msomi wa aina mpya lilikuwa, kwa hiyo, vazi la seminari. Waliotoka seminari kabla ya upadre, nao walikuwa wengi, waliingia maofisini kama makarani wakiwa na Kilatini kidogo, Kifaransa cha vitabuni, mwandiko mzuri, na mazoea ya kuamka mapema na kusoma kwa saa maalumu. Kanzu ya padre waliiacha. Yale mengine waliyachukua wakaenda nayo mjini.

Hao ndio walioitwa maevolue, yaani watu walioendelea. Vita vya pili vya dunia viliwapa sauti. Mwezi Machi 1944, baada ya maasi ya askari wa Luluabourg, maevolue wa mji huo waliiandikia serikali barua ndefu wakiomba hadhi ya pekee, ili wasihesabiwe pamoja na watu ambao hawakusoma. Barua hiyo ni ya kusikitisha kwa msomaji wa leo, kwa kuwa waombaji walitaka watolewe katika kundi badala ya kutaka kundi lote liondolewe mzigo. Lakini ni lazima isomwe kwa macho ya karani wa wakati ule, aliyeandika barua za serikali tangu asubuhi hadi jioni na akirudi nyumbani aliweza kuchapwa kiboko kama mtu mwingine yeyote. Mwezi Januari 1945 likaanza kutoka mjini Léopoldville jarida La Voix du Congolais, chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, mshairi ambaye baadaye alitoa diwani yake Esanzo (1955). Jarida lilisimamiwa na idara ya habari ya serikali, na likaendelea hadi 1959.

Mtu anayepitia kurasa za jarida hilo hukutana kwanza na picha. Wanaume wamesimama au wameketi, suti imefungwa vifungo, shati jeupe, tai, miwani ya fremu nzito, nywele zimegawanywa kwa mstari ulionyolewa upande mmoja, kalamu ya wino mfukoni. Mara nyingi kuna meza yenye kitambaa, na juu ya kitambaa kuna kitabu. Kitabu hicho kimewahi kuchekwa kuwa pambo tu la mpiga picha, na huenda kwa baadhi ya picha ndivyo kilivyokuwa. Lakini katika nyumba nyingi za karani kitabu kilikuwa mali ya thamani kuliko suti, na suti yenyewe haikuwa mpya. Nguo za kwanza za kizungu katika mitaa ya watu weusi ya Elisabethville zilikuwa nguo kuukuu za mabwana, zilizopewa maboi kama zawadi au badala ya sehemu ya mshahara, zikapunguzwa na fundi, zikapitishwa kwa ndugu. Sura ya msomi ilianza, basi, kwa nguo zilizovaliwa na mtu mwingine kwanza. Wakazi wa Bukavu na Goma, ambao huziita nguo za mitumba chagua, watalielewa jambo hili bila maelezo.

Lililokuwa kuukuu si koti tu. Misheni ilifundisha Kifaransa cha waandishi wa karne zilizopita, na aliyependa kusoma zaidi alipanda kutoka hapo kwenda kwa Hugo, Voltaire na Rousseau, si kwa waandishi waliokuwa wakizungumzwa Paris mwaka huo. Matokeo yake ni kwamba evolue wa 1950 aliandika Kifaransa ambacho Mbelgiji wa rika lake alikuwa amekwisha kukiacha: sentensi ndefu, salamu za heshima zisizokwisha, vitenzi katika nyakati ambazo hazisikiki tena mitaani. Wazungu wengi walicheka. Hawakujiuliza ni nani aliyekiweka Kifaransa hicho mbele ya mwanafunzi na kumnyima kingine. Kadhalika vilikuwapo vijitabu vidogo vya Bibliothèque de l'Étoile, vilivyotolewa na Wajesuiti huko Leverville tangu miaka ya 1940, vyenye mafundisho ya afya, ya dini, ya adabu na ya utunzaji wa nyumba. Mashirika ya maevolue, mengi yakiwa chini ya jicho la padre au ofisa, yalikuwa na chumba cha kusomea, majadiliano ya jioni na mihadhara. Huko ndiko watu walikojifunza kuinuka, kuomba neno, kusikiliza, na kupinga hoja bila kumtukana mwenye hoja. Wengi waliokuja kuongoza vyama vya siasa baada ya 1958 walianzia katika vyumba hivyo.

Kola ile nyeupe ilitunzwa na nani? Picha hazisemi. Ilifuliwa, ikatiwa wanga na kupigwa pasi ya makaa na mke, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, au alijua kwa lugha ya kienyeji tu. Kwa wake hao serikali ilifungua vituo vilivyofundisha kushona, kupika, kupanga meza na kulea watoto wachanga. La Voix du Congolais lilijaa malalamiko ya waume kwamba wake zao walikuwa nyuma. Sauti za wake wenyewe humo ni chache mno. Shule za sekondari za wasichana zilichelewa kiasi kwamba mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, Sophie Kanza, alipata shahada yake Lovanium mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru. Sura ya msomi ilishikiliwa na watu wawili, lakini picha ilimwonyesha mmoja.

Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza cheo cha juu zaidi, uandikishaji, ambao ulimweka mwenye kuupata chini ya sheria ya kiraia ya Wazungu. Kadi ilimwondolea mtu adhabu ya kiboko. Haikumwondolea ubaguzi wa mshahara, wala haikumpa kiti katika mikahawa ya Wazungu. Ili kupata hicho kidogo, mwombaji alihojiwa na tume, na wakaguzi waliingia nyumbani kwake. Walitazama jiko na choo, wakatazama kama watoto wana vitanda vyao, kama mume na mke hula pamoja mezani, kama uma na kisu hutumika kila siku au huwekwa kwa ajili ya mgeni. Waliuliza anasoma nini. Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la utaratibu ule, hata kwa kupimwa kwa mizani yake wenyewe: elimu haionekani kwa macho, kwa hiyo mkaguzi alipima kilichoonekana. Mtu aliyejua mengi katika nyumba duni alishindwa. Mwenye kabati la vioo aliweza kupita. Nyumba ikawa karatasi ya mtihani, na mtihani huo haukuwa na mwisho, kwa kuwa jirani na mkubwa wa kazi waliendelea kusahihisha kila siku.

Patrice Lumumba, karani wa posta mjini Stanleyville, aliomba uandikishaji, akakataliwa mara ya kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Wakati huo alikuwa mmoja wa watu waliofanya kazi nyingi katika mashirika ya mji, akiandika magazetini na akisoma kwa pupa ya mtu aliyekosa shule ya sekondari. Katika koloni zima, hadi mwisho wa miaka ya 1950, walioandikishwa walikuwa wakuu wa familia wapatao mia mbili tu, na wenye kadi ya 1948 hawakufika elfu mbili, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni kumi na mbili. Kwa hesabu hizo ni vigumu kuamini kwamba mlango ulitengenezwa ili watu wapite.

Mitaani evolue hakupendwa na wote. Léopoldville walimwita mundele ndombe, mzungu mweusi, na jina hilo lilikuwa na sumu pande zote mbili: kwa Mzungu alikuwa mwigaji, kwa ndugu zake alikuwa mtoro. Uhakiki huo umerudiwa na waandishi wengi baada ya uhuru, kiasi cha kuwa mazoea. Una ukweli ndani yake, lakini haueleweshi kwa nini watu waliovaa mavazi hayo hayo ndio waliokuwa wa kwanza kusema maneno ambayo serikali haikutaka kuyasikia. Paul Lomami Tchibamba aliuliza katika La Voix du Congolais, katika mwaka wake wa kwanza, ni mahali gani Wakongo watapewa katika dunia ya kesho. Alisumbuliwa na watawala kwa swali hilo. Hadithi yake Ngando ilipata tuzo Brussels mwaka 1948. Mwaka 1950 mwandishi alikuwa Brazzaville, akihariri jarida Liaison, ng'ambo ya mto. Aliyemwona amevaa tai angeweza kumdhania mwigaji. Aliyesoma alichoandika hakuweza.

Tarehe 30 Juni 1960 Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin akiwa na suti nyeusi na tai ya kipepeo, akasoma kwa Kifaransa hotuba ambayo ratiba ya sherehe haikuitaja. Kila alichovaa na kila sarufi aliyoitumia vilitoka katika mtihani ule wa wakaguzi. Miaka kumi na mitatu baadaye, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alipochora historia ya nchi, alimchora Lumumba na tai yake na miwani yake, na wanunuzi wa picha hizo, watu wa mitaa ya wafanyakazi, waliziita ukumbusho wakazitundika sebuleni. Katika picha hizo hakuna anayemwona Lumumba kuwa mzungu mweusi.

Wenye shahada za chuo kikuu siku ile ya uhuru hawakufika thelathini. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville mwaka 1956. Septemba 1960, Mobutu alipoisimamisha serikali, aliwakabidhi wizara wanafunzi na vijana waliotoka masomoni, wakaitwa makamishna wakuu. Kwa miezi michache sura ya msomi ilikuwa ndiyo sura ya dola. Haikudumu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa, na askari wakawafyatulia risasi. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, waliandikishwa jeshini kwa nguvu. Agosti mwaka huo vyuo vikuu vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja chini ya serikali, na kitivo cha fasihi na lugha kikahamishiwa Lubumbashi. Kabla ya kuvishwa abakosti, basi, msomi alikuwa amekwisha kuvishwa gwanda.

Abakosti ilikuja pamoja na siasa ya uhalisi, nchi ilipobadilishwa jina kuwa Zaïre mwezi Oktoba 1971 na majina ya Kikristo yalipoondolewa mwaka uliofuata. Jina la vazi lilitokana na msemo wa Kifaransa wa kuilaani suti. Lilikuwa koti lisilohitaji shati wala tai, lenye skafu shingoni kwa waliopenda, na halikuwa mbali sana na suti za Kaunda. Hoja yake haikuwa ya kijinga: kwa nini mwalimu wa Lubumbashi ajinyonge kwa tai mwezi Oktoba ili afanane na mtu wa Brussels? Lakini hoja ililetwa kama amri, na amri hiyo ilifanya kile kile kilichofanywa na wakaguzi wa 1952. Iliutazama mwili wa msomi ili kuamua kama moyo wake umekubali. Mwanamke naye alikatazwa suruali na wigi. Abakosti ya kitambaa kizuri ilishonwa Ulaya kwa bei kubwa, na hivyo uhalisi ukawa na matabaka yake.

Wakati huo huo vijana wa Kinshasa na Brazzaville walikuwa wakiijenga sape, wakitukuza mavazi ya wabunifu wa Paris na ya Italia, na Papa Wemba ndiye aliyekuwa nyota yao. Mara nyingi huambiwa kwamba sape ni mrithi wa evolue. Urithi huo ni wa nusu. Wote wawili walijua kwamba nguo husema, lakini sape iliacha kitabu nje ya picha.

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba hiyo hiyo aliruhusu suti na tai, pamoja na kurudishwa kwa maneno bwana na bibi badala ya mwananchi, akaongeza kwamba yeye mwenyewe hataonekana amevaa tai. Alitimiza neno lake hadi alipoanguka mwaka 1997. Maofisini na katika kumbi za mihadhara tai zilirudi mara moja, na kwa majuma machache kuvaa tai kulikuwa kusema jambo. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, kabla majuma matatu hayajatimia, wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa katika mabweni yao. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaïre. Katika kuisimulia miaka ile, wengi huanza na tai na kusahau mabweni; utaratibu wa tarehe unataka vyote viwili vitajwe katika pumzi moja.

Limebaki suala la lugha. Katika picha zote hizo, kitabu kilichopo mezani ni cha Kifaransa. Magazeti ya Elisabethville yaliyotumia Kiswahili, kama Ngonga lililoanza mwaka 1934, yalisomwa, lakini evolue aliyetaka kuonyesha masomo yake hakupigwa picha akiwa nalo mkononi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya jikoni na ya amri. Ndiyo maana maandishi ya mwaka 1965 yaliyokusanywa na André Yav kwa niaba ya chama cha maboi wa zamani yana uzito wa pekee. Watu waliofua mashati ya mabwana na kuvaa makoti yao kuukuu waliketi wakaandika historia ya mji tangu mwanzo: kampuni, Wazungu na majina waliyopewa na watu, mishahara, mateso, vifo. Waliandika kwa Kiswahili chao cha Katanga, bila kukisafisha kwa ajili ya mtu. Nakala yake ilimfikia mwanaisimu Walter Schicho, na Johannes Fabian akaichapisha kwa uchambuzi mwaka 1990, mwaka ule ule wa tai. Juu ya jalada waliweka neno la Kifaransa, Vocabulaire, kama lilivyoonekana kwenye migongo ya vitabu walivyovipangusa vumbi kwa miaka mingi katika nyumba za watu.